Risechi ya Kenya: AI imewapandisha wenye biashara nzuri na kuwashusha wenye biashara dhaifu, inakuwaje?

mwanjelwa_kati

Wakuu habari za leo. Naomba mnisaidie kuelewa kitu maana kinanigusa moja kwa moja. Mdogo wangu wa kike ana frem ya viatu hapa Mbeya, mtumba na vya dukani kidogo, na siku hizi kila kitu anauliza AI kwenye simu, bei, mzigo, namna ya kuongea na wateja, yote. Sasa juzi nimekutana na risechi ya watu wa Harvard na Berkeley, kina Nicholas Otis na Rembrand Koning, waliyoifanya Kenya kuanzia 2023. Walichukua wafanyabiashara wadogo 640, baadhi wakapewa mshauri wa AI wa kuchati naye WhatsApp, ndani yake kuna GPT-4, ile mashine ya ChatGPT, na wengine wakawa kundi la kulinganisha, halafu wakafuatilia mauzo na faida zao.

Ukiwachukua wote kwa pamoja hakuna tofauti ya maana, ni kama sifuri. Ila ukiwatenganisha, waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo wamepanda kama asilimia 15 na waliokuwa chini wameshuka kama asilimia 8. Wameshuka jamani! Ingekuwa haikuwasaidia tu ningeelewa, lakini hawa imewarudisha nyuma.

Swali langu ni hili, mashine ni ileile, inaongea Kiingereza kilekile na kila mtu, inakuwaje mmoja inamnyanyua mwingine inamdidimiza? Maana nimeangalia simu ya dogo, ushauri anaopewa mara nyingi ni huohuo, punguza bei kidogo, toa ofa, jitangaze mitandaoni, wajali wateja. Huwezi kusema ni uongo. Ila amepunguza bei, wateja wameongezeka kweli nawaona, na hela ya kodi ya frem bado haitoshi. Na kama kuna mtu anafuatilia hizi tafiti za biashara ndogo atuambie kuna kitu gani kilishapimwa huku kwetu kikaonekana kinafanya kazi kweli, sio hadithi za wahamasishaji.

---

hesabu_za_mtaani

Mkuu nianze na hilo la bei maana ndio moyo wa swali lako, na kwenye hiyo risechi ndipo penyewe hasa.

Chukua kiatu kimoja. Tuseme dogo ananunua 14,000 anauza 20,000, hapo kuna 6,000 kabla ya kodi ya frem na umeme na ushuru. Akishusha kuwa 17,000 anabaki na 3,000. Kwa hiyo ili apate hela ileile aliyokuwa anapata lazima auze jozi mara mbili, sio robo zaidi, sio nusu zaidi, MARA MBILI, na mtaji wa kununua mzigo mara mbili autoe wapi? Wateja wataongezeka utawaona kwa macho na duka litachangamka na jioni hela haipo. Mwenye faida nene kwa kila jozi anaweza kushusha bei akapona, mwenye faida nyembamba akishusha anajikata mwenyewe. Ushauri mmoja, matokeo mawili.

Na ndicho walichokiona walipochimba zile chati za WhatsApp. Makundi yote mawili yaliuliza sana, na AI haikuwabagua, ushauri waliopata ulifanana. Tofauti ni walichokichukua na kukifanyia kazi. AI haikupi jibu moja, inakumwagia mambo kadhaa kwa mpigo, sasa walio chini wakaokota yale ya jumla, shusha bei, tangaza zaidi, ambayo gharama yake inaanza leo na faida yake haijulikani. Walio juu wakaokota yale yanayoendana na duka lao lenyewe, yaliyowahusu wao na tatizo lao.

Kwa hiyo kwa maoni yangu ushauri haujawahi kuwa adimu, hata kabla ya AI kila mtu mtaani ni mshauri. Kilicho adimu ni kujua ushauri upi uuache.

---

mwalimu_takwimu

Salaam wote. @hesabu_za_mtaani umeeleza vizuri, ila niongeze mambo mawili matatu kwa sababu namba za hii kitu zinawachanganya watu.

Mtakutana na mtu anasema asilimia 20 na 10, mwingine anasema 15 na 8. Wote wako sawa, toleo la kwanza la mwishoni mwa 2023 lilikuwa na 20 na 10, matoleo ya baadaye yakashuka kidogo. Na hata maelezo ya sababu yamebadilika. Mwanzo waandishi walifikiri walio chini walishuka kwa sababu walikuwa wanauliza maswali magumu zaidi ambayo AI haiyawezi. Walipokaa na chati vizuri wakaona sio maswali wala majibu, ni uteuzi na utekelezaji. Mimi hiyo inanifanya niwaamini zaidi, mtafiti anayerudi kwenye data yake akabadilisha maelezo ni mtafiti.

Kuna mtu lazima atasema, sasa si ndio kawaida, aliyekuwa juu mwezi huu mwezi ujao anashuka, wa chini anapanda, mambo ya bahati. Kweli hilo lipo, ila ndio kazi ya kundi la kulinganisha. Walio juu wenye AI wanalinganishwa na walio juu wasio na AI, na walio chini hivyohivyo, kwa hiyo bahati inajifuta kwa pande zote.

Cha kunikera kidogo ni kwamba mauzo na faida ni za kujitaja wenyewe, mtu anaulizwa anasema, na ukishagawa watu 640 mara mbili kisha mara mbili tena kila kafungu linabaki dogo. Kwa hiyo 15 na 8 msizishike kama andiko, shikeni mwelekeo wake.

Halafu kuna kitu cha ajabu zaidi ambacho ndicho kilinifanya niipende hii risechi. Tafiti nyingine kubwa za AI za kipindi hichohicho zimetoa matokeo YALIYOGEUKA. Ile ya wafanyakazi wa BCG, kampuni kubwa ya kushauri makampuni, watu 758, walio nusu ya chini ubora wa kazi yao ulipanda asilimia 43 na walio juu 17 tu. Ile ya Erik Brynjolfsson na wenzake ya watu wa huduma kwa wateja zaidi ya 5,000, wastani wa kazi wanayomaliza kwa saa ulipanda kama asilimia 14, ila wageni kazini walipanda asilimia 30 au zaidi na wazoefu karibu hawakuguswa. Huko AI inambeba mnyonge. Kenya imembeba mwenye nguvu. Kwa nini?

Kwangu jibu ni aina ya kazi. Wa huduma kwa wateja mteja ameandika tatizo, AI inapendekeza sentensi, unaituma, kazi imekwisha. Mwenye duka hana mtu aliyemkatia swali. Lazima aamue mwenyewe tatizo ni nini, achague, atoe hela yake mfukoni, asubiri. AI inamsaidia kipande kimoja tu cha safari hiyo. Na hata hao BCG, walipopewa kazi moja iliyowekwa makusudi nje ya uwezo wa AI, waliotumia AI walikosea zaidi kuliko wasiotumia, pengo la pointi 19 za asilimia. Wasomi wale, wenye suti, na waliimeza.

---

dandora_ndio_home

Hamjambo wadau, mimi niko Nairobi. Hiyo swali ya nini ilishawahi kufanya kazi, kuna study moja ilifanywa huku kwetu Dandora na naona watu hawaiongelei kabisa, na ni noma. Ni ya Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, ilitoka 2018.

Walichukua wamama wenye biashara changa, wale wa mboga, wa nguo, wa saluni, wakawagawa. Wengine wakapelekwa darasa la biashara, kuweka rekodi, kupanga bei, marketing na kadhalika. Wengine wakapewa tu mama mwingine wa hapo Dandora ambaye biashara yake imesimama kitambo, wakutane waongee, hakuna silabasi hakuna nini. Wengine hawakupewa kitu.

Matokeo, wa darasani walianza kuweka rekodi kweli, wakabadilisha vile wanafanya vitu, lakini faida haikusonga. Wale wa kuongea na mama mzoefu faida ikapanda kwa wastani asilimia 20! Na ukiuliza waliambiwa siri gani, hakuna siri, ni vitu kama, wewe unanunua wapi? Kwa nani? Aa wacha huyo anakukamua, enda kwa fulani. Walibadilisha supplaya, gharama ya stoki ikashuka, basi. Hiyo kitu darasa haiwezi kukuambia kwa sababu mwalimu hajui bei ya nyanya asubuhi sokoni, na AI pia haijui, haijawahi kuamka saa kumi usiku.

Lakini kuna part yenye inauma, ile faida ilikuwa kubwa mwanzo halafu ikapungua pole pole vile watu waliacha kuonana. Kumaanisha hukufundishwa ukahitimu, ulikuwa unapata habari za soko za wiki hii, na wiki ijayo soko imebadilika. Waliobaki wakionana na mamenta wao waliendelea poa.

Kwa hiyo @mwanjelwa_kati siz wako asikatazwe AI, lakini mtafutie mama wa viatu mwenye amekaa hapo sokoni miaka mob. Asiwe mshindani wake wa mlango wa pili sasa, huyo hatamwambia ukweli.

---

mwanjelwa_kati

Asanteni sana, hii ya Dandora imeniingia. Ila niulize, je dogo akiipa AI habari zote za hapa, ananunua wapi kwa bei gani, anauza vipi, msimu ukoje, si itakuwa kama huyo mama mzoefu? Au bado?

---

hesabu_za_mtaani

Itakuwa bora kuliko sasa, ndiyo. Ila angalia mtego uliopo hapo, ili uipe hizo habari lazima uwe unazijua. Mwenye daftari la manunuzi, anayejua kiatu gani kinatoka na kipi kimelala tangu Pasaka, anajua madeni yako kwa nani, huyo akiuliza anauliza kwa namba na anarudishiwa kitu cha maana. Asiye na daftari anauliza "nifanyeje nipate wateja" na anarudishiwa la kila mtu. Kwenye ile risechi hawakupima hilo la daftari kwa namna ninayoisema, hii ni tafsiri yangu, lakini naamini kabisa walio juu walikuwa juu kwa sababu ya kuijua biashara yao, na ndicho kilichowawezesha kuchambua ushauri.

Na AI haitakuambia kitu usichokiuliza. Yule mama wa Dandora anakuja dukani, anaona mwenyewe umepanga kandambili mbele na viatu vya shule umeviweka nyuma mwezi wa kwanza, anapiga kelele. AI haioni duka.

---

mangi_mdogo_ilala

Nimewafuata kimya ila kuna risechi nyingine ya Kenya magharibi lazima niiseme, ni ya zamani kidogo, 2014, ya Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, na inahusu CHENJI. Chenji tu wakuu.

Wakaenda kwa wenye vioski na maduka madogo wakahesabu mauzo yanayopotea kwa sababu mwenye duka hana chenji. Mteja anakuja na noti kubwa anataka sabuni ya kipande, huna chenji, ama unafunga duka unakimbia kwa jirani kuchenji, ama mteja anaenda zake. Wakakuta hasara ya hilo jambo moja ni kama asilimia 5 mpaka 8 ya faida yote. Na dawa yake ni kubaki na hela ndogondogo za kutosha, haihitaji mkopo wala digrii.

Lakini kilichonishangaza ni hiki, kitendo cha watafiti kuja kila wiki kuwauliza tu "umekosa chenji mara ngapi" kiliwafanya waanze kuweka chenji zaidi. Hawakufundishwa. Waliulizwa swali wakaona pengo. Mimi nina duka, najua hali ile, mtu anakaa na tatizo mbele ya macho miaka, hasara yake ni ya mia mbili mia tano kila saa kwa hiyo haiumi, ukijumlisha mwezi ni kodi.

Siku hizi lipa namba imepunguza, ila wateja wengi wa asubuhi bado ni keshi, na wengine wakiona makato wanarudisha simu mfukoni.

Sasa ningeomba hizi AI zitumike hivyo, ziwe zinamuuliza mwenye duka maswali kila jioni. Leo umekosa kuuza nini? Nani ameondoka bila kununua na kwa nini? Kabla ya kumwambia afanye chochote.

---

mwalimu_takwimu

@mangi_mdogo_ilala hilo wazo la kugeuza, mashine iulize na mwenye duka ajibu, lina mantiki sana na linafanana na kitu kilichopimwa Togo. Ni risechi ya 2017, mmoja wa waandishi ni Michael Frese, mwanasaikolojia. Biashara ndogo 1,500 Lomé. Kundi moja mafunzo ya kawaida ya biashara, uhasibu, masoko, fedha. Kundi jingine mafunzo ya saikolojia ya kujituma, yaani mtu anafundishwa kutafuta fursa kabla hajaambiwa, kujiwekea lengo, kupanga mbele kikwazo kikitokea atafanya nini. Kundi la tatu halikupata kitu.

Faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda asilimia 30. Wa mafunzo ya kawaida 11, na hiyo 11 kitakwimu huwezi kuitenganisha na sifuri. Na baada ya darasa wakufunzi waliwatembelea dukani kwa miezi kadhaa, sio semina ya siku tatu na posho na cheti halafu kwaheri.

Ukiziweka pamoja Dandora, Togo, chenji na hii ya AI unaona kitu kilekile kinajirudia, maarifa ya jumla peke yake hayasogezi faida.

---

bi_mkubwa_wa_vicoba

Jamani na mimi niseme. Mnaongea vizuri ila mmesahau kuna risechi ya hapahapa Dar. Lars Ivar Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden, Wanorwe hao, walifanya na wakopaji wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, na mafunzo yaliendeshwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine walipewa mafunzo, wengine ruzuku, wengine vyote. Kwa wanaume kulikuwa na mabadiliko yanayoonekana, kwa wanawake karibu hakuna.

Watu wakisoma hapo wanakimbilia kusema wanawake hawaelewi somo. Sio kweli, walijifunza. Mimi nakaa na hawa kinamama kila wiki kwenye kikundi, nawaona. Mama amefundishwa aongeze mzigo wa vitenge, anaelewa vizuri kabisa, ila saa tisa lazima afunge akapike, mtoto akiumwa ni yeye, hela ya mzigo ikikaa ndani shemeji anaiomba ya dharura na huwezi kumkatalia. Unamwambia mtu huyo apanue biashara, ataipanulia kwenye saa zipi? Ndugu yangu wa Mbeya, kabla hujamlaumu mdogo wako au simu yake, angalia kwanza hiyo frem anaifungua saa ngapi na anaifunga saa ngapi, na hela ikitoka dukani inakwenda wapi. Kuna kodi zinazoshindikana kwa sababu ya bei na kuna zinazoshindikana kwa sababu ya ukoo.

---

mwanjelwa_kati

Bi mkubwa shikamoo, umenigusa, kweli watu wa nyumbani tunachukua viatu pale kwa maneno ya "nitakulipa mwisho wa mwezi", nami nimo. Hilo nitalisimamia.

Nimeongea na dogo jioni hii. Bei ya vya dukani anairudisha, ya mtumba ataiacha kwa vile faida yake ni nene kidogo kama alivyosema @hesabu_za_mtaani. Kuna mama anauza viatu vya watoto upande wa pili wa soko, hawagombanii wateja, nimemwomba dogo aende kumsalimia. Na ameanza daftari la walioondoka bila kununua. @mangi_mdogo_ilala unaandikaje lako, unaandika bidhaa tu au na sababu?

---

mangi_mdogo_ilala

Vyote, ila kwa kifupi sana ama utachoka siku ya pili. Mfano "raba nyeupe 41 hakuna", "bei", "noti ya elfu kumi", "alikuja tumefunga". Maneno mawili matatu. Jumapili unahesabu kipi kimejirudia zaidi. Kwa viatu usiache kuandika saizi, nahisi hapo ndipo utakutana na mengi, maana mtu wa mtumba ananunua robota saizi zinakuja zenyewe, na wateja wana miguu yao.

---

dandora_ndio_home

Na hiyo list ya Jumapili ndio sasa ampatie AI, aiambie hawa ndio wameenda bila kununua wiki hii, niulize maswali kwanza kabla unishauri. Atuambie vile imeenda.